Sisimizi, kuvu na pini zinazoota kijani: kujitengenezea vifaa vya kuchoma pini, kukausha na kuonyesha wadudu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari wilayani Muheza. Wanafunzi wa kidato cha pili walikusanya wadudu wapatao 60. Tuliwachoma kwa pini za kushonea, tukawapanga kwenye boksi la kadibodi na kulifunika kwa nailoni. Haukupita mwezi: sisimizi wamekula matumbo ya panzi, mabawa ya vipepeo yameinama, pini zimeota kitu cha kijani, na chini ya mbawakawa kuna unga mwembamba. Vifaa vya kununua vinatoka nje na ni ghali. Tulikosea wapi, na tunaweza kujitengenezea vipi?

JIBU: Mwalimu, kila dalili uliyotaja ina chanzo chake, kwa hiyo tuanze na hizo.

Kile cha kijani ni shaba. Pini nyingi za kushonea zina shaba ndani na zimepakwa nikeli kwa juu. Nikeli ikichubuka, mafuta ya mwili wa mdudu hukutana na shaba na kufanya kitu kama nta ya kijani. Nta hiyo huzidi kuvimba hadi kupasua kidari, na mwishowe pini yenyewe hukatika. Mabawa yameinama ama kwa sababu vipepeo waliondolewa kwenye ubao wa kutandazia mabawa kabla hawajakauka, ama walikauka kisha hewa yenye unyevu ikawalainisha tena. Sisimizi huja siku za mwanzo kabisa, mdudu akiwa bado mbichi na ana harufu. Unga ni kazi ya mabuu wa mbawakawa wadogo wa jamii ya Anthrenus na Dermestes, ambao chakula chao ni vitu vikavu vya wanyama: ngozi, manyoya, na wadudu waliokufa. Hao waliingia kupitia mianya ya boksi lenu.

Ukitazama utaona ni jambo moja tu, yaani kuchoma pini, lililoharibika mezani wakati wa kazi. Mengine yote yalitokea baadaye. Katika ukanda wenu, kuanzia pwani hadi milima ya Usambara, mdudu aliyechomwa vizuri akaachwa kwenye hewa ya masika hafiki mwezi wa pili. Kwa hiyo ningetengeneza kikaushio kwanza, na sanduku linalofunga barabara, kabla ya kugusa ubao wa kutandazia mabawa. Watu wengi huanza na ubao kwa sababu unapendeza kuutengeneza.

KIKAUSHIO

Tengeneza kasha la plaiwudi ya mm 9 lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 50, mlango ukiwa mbele. Chini weka balbu ya kizamani, ile yenye waya unaowaka ndani, ya wati 40. Balbu ya LED haifai hapa maana joto lake ni dogo mno. Sentimita 10 juu ya balbu tundika kipande cha bati chenye upana kama wa sahani, ili joto lisambae pembeni badala ya kupanda moja kwa moja na kuchoma sampuli za katikati. Rafu ya wavu wa kahawa ikae sentimita 30 hivi juu ya balbu. Toboa matundu manne ya sentimita 2 karibu na sakafu ya kasha na mengine manne karibu na dari, na yote yazibe kwa chandarua cha matundu madogo. Hewa kavu iingie chini, yenye mvuke itoke juu. Kasha lisilo na matundu hupika wadudu ndani ya mvuke wao wenyewe, na kuvu huota hata kukiwa na joto.

Lengo ni nyuzi 40 hadi 45. Weka kipimajoto kwenye rafu kwa saa mbili kabla ya kuingiza kitu chochote. Likizidi 45, shusha hadi balbu ya wati 25 au pandisha rafu. Lisipofika 38, tumia wati 60. Joto kali huvunja vipapasio na kuyeyusha mafuta ya mwili, na mdudu mnene hubadilika rangi akawa kama aliyelowekwa kwenye mafuta. Karatasi na povu visikae karibu na balbu chini ya sentimita 15, na waya wa umeme upite kwenye tundu lenye mpira, usisuguane na plaiwudi.

Panapokosekana umeme, chukua debe lenye kifuniko, lipake rangi nyeusi nje, litoboe kama kasha, na uliweke juani asubuhi. Sampuli zikae gizani ndani ya debe, kamwe zisipigwe na jua lenyewe, kwani rangi za vipepeo hupauka upesi. Saa za mchana jua likiwa kali lisogeze kivulini, maana debe jeusi hupita nyuzi 45 bila shida. Jioni lifunge matundu, la sivyo usiku litavuta umande wote uliouondoa mchana.

Sasa sisimizi. Kasha likae juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya injini, kina cha sentimita 2. Wengi hutumia maji. Maji hukauka siku ambayo hakuna anayekumbuka, na kabla hayajakauka mbu wanakuwa wameshataga. Meza isiguse ukuta, pazia lisiiguse, na waya wa balbu usiwe daraja: upake grisi sehemu ya sentimita 10 kila wiki. Waya ndiyo njia inayosahauliwa kuliko zote.

Kipepeo mwembamba hukauka kwa siku 4 au 5, panzi mkubwa siku 7, na yule mbawakawa wa minazi mwenye pembe, Oryctes monoceros, siku 10 au zaidi. Kujua kama amekauka, gusa ncha ya tumbo lake taratibu kwa sindano. Tumbo likisogea peke yake, bado. Mdudu mzima akitikisika kama kitu kimoja, amekauka. Panzi wakubwa na vunjajungu wapasuliwe tumbo kwa chini wakiwa wabichi, utumbo utolewe kwa kibano, na nafasi ijazwe pamba kidogo. Panzi asiyetolewa utumbo huoza kabla hajakauka na kugeuka kahawia yote.

PINI

Hiki ndicho kitu ambacho ningekushauri ununue. Agiza pini za wadudu za chuma kisichopata kutu, namba 2, zenye urefu wa mm 38 hadi 40 na unene wa mm 0.45. Namba hiyo moja inatosha kwa wadudu wengi wa shuleni. Pakiti ya pini 100 hudumu miaka, kwani kielelezo kikiharibika pini huchomolewa na kutumika tena.

Kama haziwezekani kabisa, kuna njia ya kamba za gitaa la umeme. Katika seti inayouzwa kwa jina la 10–46, kamba tatu nyembamba ni waya mtupu wa chuma, zenye unene wa mm 0.25, 0.33 na 0.43. Ile ya tatu inakaribia sana pini namba 2, na kamba moja hutoa pini zaidi ya 20. Ikate kwa koleo, vipande vya mm 40, ukikata mshazari. Ncha izungushe kati ya vidole huku ukiivuta juu ya msasa namba 400, kisha 800, mpaka itoboe karatasi ya trasing bila kuichana. Kichwa kinapatikana kwa gundi ya epoksi: chovya mwisho wa waya, ning'iniza kichwa kikiwa chini, na tone litaganda lenyewe likiwa la duara. Waya huu umepakwa bati lakini ni chuma cha kawaida, na pale ulipokatwa utaota kutu, kwa hiyo paka pini nzima rangi ya kucha isiyo na rangi, mkono mmoja mwembamba, uiache ikauke siku nzima. Kwa maonyesho ya miaka michache zinafaa. Kwa mkusanyo unaotaka udumu, hazifai.

Pini za kushonea msizitupe. Zitawafaa kushikilia karatasi na miguu kwenye ubao, mahali ambapo hazipiti mwilini.

Mahali pa kuchoma pana kanuni, na sababu yake ni kwamba alama za kumtambua mdudu mara nyingi ziko katikati ya mgongo, na upande mmoja ukiharibika ule mwingine unabaki mzima. Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, karibu na mbele. Nzi, nyuki na nyigu huchomwa kidarini, kulia kidogo kwa mstari wa kati. Panzi huchomwa kwenye ngao iliyo nyuma ya kichwa, upande wa kulia, karibu na ukingo wake wa nyuma. Kunguni wa mimea huchomwa kwenye ile pembetatu ya mgongoni, kulia kidogo. Vipepeo na nondo huchomwa katikati kabisa ya kidari. Mdudu mfupi kuliko mm 6 asichomwe. Kata manila ngumu pembetatu yenye urefu wa mm 8 na kitako cha mm 3, kichome kitako kwa pini, na ncha uigundishe ubavuni mwa kidari, upande wa kulia, kwa tone dogo la gundi nyeupe ya mbao. Supa gluu isitumike, maana haitoki kwa maji ukitaka kumgeuza baadaye.

KIGOGO CHA VIPIMO

Kazi yake ni kuwafanya wadudu wote na lebo zote wakae kwenye kimo kimoja. Plaiwudi ya mm 9 inakufanyia hesabu yenyewe. Kata vipande vitatu vya upana wa mm 30, kimoja cha urefu wa mm 90, cha pili 60, cha tatu 30, uvipange kama ngazi na kuvigundisha. Una vidato vya mm 9, 18 na 27. Katikati ya kila kidato toboa kwa kekee ya mm 1 hadi upande wa pili, kisha chini gundisha bati lililokatwa kutoka kopo la soda, ili pini iishie hapo na kipimo kiwe kamili.

Mchome mdudu, mgeuze juu chini, ingiza kichwa cha pini kwenye tundu la mm 9 na usukume mpaka mgongo uguse mbao. Sasa juu ya mgongo kuna mm 9 za kushikia. Wanafunzi wengi husukuma mdudu mpaka karibu na kichwa cha pini kwa sababu anaonekana vizuri hivyo, kisha kila anayemshika anavunja mguu. Lebo ya kwanza isukume kwenye tundu la mm 18, ya pili kwenye tundu la mm 9. Kwa mdudu mnene kama yule wa minazi, tumbo litafika karibu na mm 18, basi lebo yake iwe moja na ikae kwenye 9.

UBAO WA KUTANDAZIA MABAWA

Hapa Tanga mna bahati ambayo wengi hawana. Ule mlingoti wa ua la mkonge, mmea unaoota mlingoti mara moja tu maishani kisha unakufa, ukikauka shambani huwa na moyo mwepesi, laini, unaopokea pini nyembamba na kuishika. Moyo wa mimea ya jamii hiyo umetumika kwa kazi hii katika nchi za joto kwa miaka mingi. Chagua mlingoti uliokauka ukiwa umesimama, kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, usio na matundu ya wadudu. Kata kipande cha sentimita 30, kipasue kwa msumeno kwa urefu, uondoe ganda gumu, kisha utoe mbao nyembamba za mm 10 na kuzilainisha kwa msasa. Ziingize kwenye kikaushio siku mbili ndipo uzitumie, kwa sababu mara nyingi huwa zina wageni ndani.

Asiye na mkonge atumie povu la polithini, lile jeupe linalonyumbuka ambalo hufungiwa friji na televisheni, au soli ya ndala nyepesi. Sponji ya godoro haishiki pini. Lile povu jeupe la punje-punje linalovunjika, la maboksi ya samaki, linafaa kwa kukaushia tu, tena lisiwekwe kamwe karibu na naftalini: mvuke wa naftalini huliyeyusha, na utakuta vielelezo vimezama kwenye utomvu.

Vipimo vya ubao wa vipepeo wa kawaida ni hivi. Kitako ni plaiwudi ya mm 9, urefu mm 300, upana mm 110. Kila ubavu ni mbao laini ya upana wa mm 50 na unene wa mm 20, na juu yake ubandike moyo wa mkonge wa mm 10. Jumla ni mm 30. Kati ya bavu mbili acha mfereji wa mm 10, na ndani ya mfereji, chini, bandika kipande cha povu au mkonge chenye unene wa mm 10. Kimo hicho si cha kubahatisha. Pini ni mm 40. Mgongo uko mm 9 chini ya kichwa, na maungio ya mabawa yako mm 3 au 4 chini zaidi, kwa hiyo chini ya mabawa kunabaki mm 27 hivi. Milimita 7 zinaingia kwenye povu, 20 zinabaki, na hizo ndizo kimo cha kutoka povu la mferejini hadi juu ya ubavu. Mfereji ukiwa na kina kidogo, mabawa yataelea juu ya ubao na kukauka yakiwa yamepinda.

Kabla ya kugundisha bavu, weka chini ya ukingo wake wa nje ufito wa plaiwudi ya mm 3. Mteremko huo mdogo wa kuelekea mferejini ndio dawa ya mabawa yanayoinama. Bawa lililokaushwa likiwa limeinuka kidogo litashuka baada ya miezi na kufikia usawa, na lililokaushwa likiwa sawasawa litashuka chini ya usawa. Mbao bapa kabisa hazifai kwa mikoa yenu.

Ubao mmoja hautoshi. Nondo wadogo wanahitaji mfereji wa mm 5, na kipepeo mkubwa wa michungwa, Papilio demodocus, ambaye mabawa yakitandazwa hufika sentimita 10 hadi 13, anahitaji bavu za mm 70. Kwa kuwa Muheza ni nchi ya michungwa, huyo hamna haja ya kumkimbiza na wavu. Mabuu wake wako kwenye majani machanga. Wachache wafugwe kwenye kopo lenye chandarua, walishwe majani ya mchungwa au mlimao, na kipepeo akitoka mwacheni siku nzima mabawa yakauke na kukaza. Kisha aingizwe kwenye friza usiku kucha. Hakuna kipepeo wa wavu atakayekuwa na mabawa mazima namna hiyo.

Aliyekwisha kukakamaa alainishwe kwanza. Chukua kopo la aiskrimu lenye kifuniko, weka mchanga safi sentimita 2, uloweshe bila maji kutuama, dondosha matone 5 ya Dettol kuzuia kuvu, juu weka kipande cha wavu, na mdudu juu ya wavu. Saa 24 kwa kipepeo, 48 kwa mbawakawa. Akipita siku tatu huanza kuoza. Mjaribu kwa kubonyeza maungio ya bawa kwa upole, na yakigoma mrudishe.

Kutandaza kwenyewe kunahitaji utulivu. Ingiza pini wima mferejini mpaka maungio ya mabawa yalingane na ubao. Laza ufito wa karatasi ya trasing wenye upana wa mm 8 juu ya mabawa ya kushoto, karibu na mwili, uubane kwa pini mbele. Chukua sindano nyembamba iliyochomekwa kwenye njiti, igusishe nyuma ya ule mshipa mnene wa ukingo wa mbele wa bawa, isitoboe, bali ivute. Bawa la mbele lipande mpaka ukingo wake wa nyuma ufanye pembe mraba na mwili. Kisha vuta la nyuma mpaka pengo kati yao libaki dogo, kaza karatasi, na ubane kwa pini kuzunguka mabawa, kamwe si ndani yake, zikiinamia nje. Fanya upande wa kulia vilevile, halafu funika sehemu ya nje kwa karatasi pana. Tumbo likining'inia, lishikize kwa pini mbili zilizopishana chini yake kama mkasi. Karatasi ya daftari isitumike hapa kwa kuwa haionyeshi chochote kinachotokea chini yake, na uso wake hukwangua vumbi la mabawa.

Ubao wote uingie kwenye kikaushio. Kutoa karatasi anza na pini za nje, uinue karatasi kwa kuikunja kuelekea nyuma, si kuivuta juu.

SANDUKU

Nieleze wazi: sanduku la kioo ni la kuonyeshea, na kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira ni la kuhifadhia. Kwa bei yake, hakuna kitu anachoweza kutengeneza fundi seremala kinacholishinda kopo hilo kwa kuzuia unyevu. Chagua lenye kimo cha ndani kisichopungua mm 55, bandika povu la polithini la mm 10 chini, na wadudu wenu wa kujifunzia wakae humo mwaka mzima. Sanduku la kioo litoke kwa siku za maonyesho.

Kwa sanduku la kioo, mwambie seremala atumie mkangazi au mvule uliokauka sawasawa. Mbao mbichi ya msonobari inatoa utomvu na kupinda, na mwanya hufunguka ndani ya miezi. Vipimo vya ndani viwe mm 400 kwa 300, kimo mm 52: povu mm 10, pini iliyosimama juu ya povu mm 33, na nafasi ya mm 9 chini ya kioo. Kioo cha mm 3 kinatosha. Kikae ndani ya fremu ya mfuniko kwenye mfuo uliopakwa silikoni ya madirisha, na silikoni iachwe wazi wiki nzima ili harufu yake ya siki iishe kabla hujaweka wadudu.

Sehemu inayoamua kila kitu ni ulimi. Ndani ya kuta za sanduku, pande zote nne, gundisha fito nyembamba za mbao zinazozidi ukingo kwa mm 10, mfuniko ukishuka uzivae kwa kubana. Mabuu wachanga wa Anthrenus hupita kwenye mwanya usiofika milimita moja, na ulimi unawalazimisha kupinda kona badala ya kuingia moja kwa moja. Ukimaliza, washa tochi ndani ya sanduku, lifunge, uingie nalo chumba chenye giza. Panapotoka mwanga, mdudu ataingia. Ziba kwa ufito wa kitambaa kizito mpaka giza liwe kamili.

Juu ya povu laza karatasi nyeupe iliyogundishwa pembeni tu. Weupe huo unaonyesha unga ukianza kudondoka chini ya kielelezo, nao ndio onyo la kwanza.

Kuhusu dawa, watu hukimbilia vidonge vya naftalini. Naftalini hufukuza, lakini mabuu waliokwisha ingia mara nyingi huendelea kula. Isitoshe, mvuke wake ni hatari kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika maeneo ya malaria kama yenu, kwa kuwa huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Darasani isiwekwe. Kinachoua ni baridi: funga sanduku ndani ya mifuko miwili ya nailoni, liingize kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, likae wiki mbili. Likitoka usifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo umande utatua juu ya mabawa. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, anza kuhesabu upya. Fanyeni hivyo kila kielelezo kipya kinapoingia, na kwa masanduku yote mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kwa unyevu, weka gramu 50 za silika, zile punje za pakiti za viatu, ndani ya kifuko cha kitambaa kilichobanwa kwa pini kona ya sanduku. Punje zinazobadilika rangi ni bora kwa vile zinasema zikishiba. Zikaange kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo, ukizikoroga, mpaka rangi irudi. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali ndani ya sanduku kisome chini ya asilimia 60.

Wale wadudu wenu wa sasa msiwatupe wote. Waliokuwa na unga waende friza leo. Mbawakawa wenye kijani walainishwe saa 48, nta isuguliwe kwa brashi yenye spiriti, pini izungushwe taratibu mpaka ilegee, itolewe, na pini ya chuma ipite tundu lilelile. Panzi walioliwa matumbo watumike kufundishia miguu na sehemu za mdomo.

Mnaweza kukusanya kwenye viwanja vya shule na mashamba kwa ruhusa ya wenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani msikusanye bila kibali. Ulizeni kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu.

La mwisho ni lebo, na naomba ulisimamie wewe mwenyewe. Ukubwa ni mm 18 kwa 8, karatasi nzito, penseli ngumu au wino usiotoka kwa maji. Kalamu ya kawaida hupauka na kutawanyika. Andika mkoa, wilaya, kijiji na mahali penyewe, mwinuko, tarehe huku mwezi ukiwa kwa namba za Kirumi ili siku na mwezi visichanganywe, kisha jina la mkusanyaji: «Tanga, Muheza, (kijiji), bustani ya shule, juu ya mchungwa, m 200, 12.iv.2025, (jina)». Iandikwe siku ileile mdudu anaposhikwa, na ikae naye tangu kwenye friza mpaka kwenye pini.